Mbuzi Hawahesabiwi

Marafa,
Jumamosi, baada ya adhuhuri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua umeshaitika marahaba kabla hujafika mstari wa pili, basi nimeipokea. Goti lako je? Ile dawa ya kuchua aliyokuletea dada Mwanaidi bado unaipaka, au umeshaipandisha juu ya kabati ikakae na wenzake? Na mvua huko Vanga imenyesha? Mimi mwanao Bakari ni mzima, alhamdulillahi, ila nimekonda kidogo. Usianze kulia. Ni jua tu, na kukosa samaki wako wa kupaka.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu yako, Mama, haina siri. Ukiishika unaifungua sauti, na kabla sijamaliza salamu mtaa mzima umeshajua nimekula nini. Nina jambo nataka ulijue peke yako kwanza, kisha wewe mwenyewe uamue nani mwingine aambiwe. Nimemkosea mtoto. Sikumpiga, hilo unajua siliwezi. Nimemkosea kwa kalamu, na kwa mwandiko mzuri ulionifundisha wewe.

Lakini nianze na habari za kawaida, nipate nguvu. Huku ni bara, na bahari naiona kwa kukumbuka tu. Watalii hupita na magari kwenda kutazama korongo, wakapiga picha wakarudi Malindi kulala, sisi tukabaki na vumbi. Chakula ni sima na mchunga. Ile mboga ni chungu, Mama, mwezi wa kwanza nilikuwa nikiimeza huku nimefumba macho. Sasa isipopikwa naiulizia, na mama mwenye nyumba ananicheka kwamba karibu nitaacha kula wali.

Darasa langu ni lile lile la watoto wa miaka minne na mitano. Bado nakumbuka ulivyocheka siku niliyokuambia nimeajiriwa chekechea, mwanamume mzima na ndevu zangu. Huku pia walicheka. Watoto peke yao ndio hawakucheka, wao waliniuliza tu kama nitawafunga kamba za viatu. Nikawafunga, na tangu siku hiyo tuko salama.

Nilipofika, darasani mlikuwa na ubao, chaki na mkeka. Basi. Mtoto wa miaka minne ukimkalisha mkekani tangu asubuhi akariri moja, mbili, tatu, akili inalala ukabaki mdomo. Hapa njia panda pana seremala mmoja, Fundi Charo, anayetengeneza vitanda na milango. Vipande vya mbao vinavyobaki alikuwa akiwapa wanawake wakapikie. Nikamwomba anikatie hivyo kwa vipimo: vingine virefu kama kiganja changu, vingine nusu ya hivyo, vingine robo, halafu avipige msasa visiwachome watoto. Akaweka msumeno chini. “Mwalimu, wataka vitanda vya panya?” Lakini alikata, na alikata vizuri, maana Charo hawezi kukata kitu vibaya hata akiwa anakudharau. Aliniongezea na mbao mbili ndefu za kutelezeshea.

Mama, ungeona! Siku ya kwanza walivirusha tu. Siku ya pili walianza kupandanisha. Baada ya wiki walikuwa wakigombana kwa hesabu. Mmoja anataka kipande kizima, mwenziwe hampi mpaka aletewe nusu mbili, na wa tatu analia kwamba amepewa robo tatu akaambiwa ni sawa. Sikuwafundisha mimi. Walikuwa wakiviweka ubavu kwa ubavu, na kipande kikipungua wanaona kimepungua. Mnara ukianguka wanauangalia chini badala ya kuangalia juu, kwa sababu wamegundua kwamba mguu mwembamba haubebi. Na ule ubao wa kuteleza! Tunaokota makoma yaliyokauka, yale matunda magumu ya mkoma, tunayaachia kutoka juu yabingirike. Wakainua ubao kwa kipande kimoja, koma likafika mlangoni. Wakainua kwa vitatu, likatoka nje likamgonga kuku. Wakatandika gunia chini, koma likafia katikati ya njia. Kisha wakaanza kubishana, kabla ya kuliachia, litafika wapi. Nilikuwa nimekaa pembeni nimeshika mdomo. Watu wazima hulipa karo ili wafundishwe kubisha namna ile.

Wazazi hawakuyaona hayo. Wao waliona daftari. Huku, kama kwetu, mtoto akirudi kutoka shule babake hufungua daftari, na akikuta alama za vema za wino mwekundu hulala vizuri. Madaftari ya watoto wangu yalikuwa meupe. Mwenyekiti wa wazazi, mkulima mmoja mpole asiyejua kupiga kelele, alisimama mkutanoni akasema, “Mwalimu, kila siku namuuliza mwanangu amefanya nini shule. Aniambia wamejenga daraja. Sasa nataka kujua, daraja la kwenda wapi?”

Walicheka wote, na mimi nikacheka nao. Nilijaribu kuwaeleza. Nilipofika kwenye nusu na robo, mama mmoja akasema hayo ya mbao aachiwe seremala. Mwisho wakaniambia kwa upole kwamba wanataka ripoti, kila mtoto na karatasi yake, iandikwe anajua nini na hajui nini, la sivyo wataomba waletewe mwalimu wa kufundisha. Walisema “mwalimu wa kufundisha” mbele yangu, mimi nimekaa pale na chaki mkononi.

Niliogopa, Mama. Nitakuambia wewe. Nilivipanga vipande vyote kapuni nikavifunika, nikachora mtihani. Kuku, mbuzi, watoto waliosimama mstari. Mtoto anaitwa mezani, anaonyeshwa picha, anaulizwa ni wangapi. Nami nikaongeza la kwangu, nikidhani ni la werevu: nyumbani kwenu mko wangapi?

Sasa nikueleze kuhusu Kache. Ana miaka mitano, mdogo wa mwili, analelewa na bibi yake upande wa pili wa bonde. Huku bibi huitwa hawe, na huyu bibi yake kila mtu humwita Hawe tu, hata mwenyekiti. Kache hasemi sana. Tukiimba hesabu pamoja midomo yake hucheza, nami nilikuwa nikidhani anafuata wenzake. Kwenye vipande yeye hakupenda minara wala madaraja. Alikuwa akienda kona yake, akajenga boma la vipande vya nusu, akaacha mlango. Makoma ndiyo mbuzi wake. Wiki moja kabla ya ule mtihani nilimwona anayaingiza bomani moja moja, na kila koma likiingia anaweka kipande cha robo kando ya mlango. Kikabaki kipande kimoja mkononi. Akakitazama, akainuka, akatafuta chini ya mabenchi mpaka akalipata koma lililobingirika, akaliingiza, ndipo akaweka kile kipande chini. Niliyaona yote hayo kwa macho yangu mawili. Nikatabasamu, nikaendelea kuchora mbuzi wa mtihani.

Siku ya mtihani nilimwonyesha picha ya kuku. “Wangapi, Kache?” Kimya. Mbuzi. Kimya, na hapa akatazama pembeni. Watoto. Akaziba mdomo kwa mkono. Nikamuuliza nyumbani kwao wako wangapi, akainamisha kichwa nikadhani atalia. Nyuma yake palikuwa na foleni ya wenziwe, na mimi kichwani nina mwenyekiti na daraja lake. Nikachukua kalamu nyekundu. Niliandika hivi, nakunakilia bila kupunguza: “Hajui kuhesabu. Akili yake bado nzito.” Nikapiga mstari chini yake kwa rula.

Ripoti zilitoka Jumatatu. Wazazi walifurahi, mwenyekiti akanishika mkono. Jumanne Kache hakuja. Jumatano hakuja. Nilidhani homa.

Alhamisi nilivitoa vipande tena, kwa kuwa sasa wazazi wamepata karatasi zao na mimi nimepata pumzi. Msichana mmoja, Dama, ambaye hukaa karibu na Kache, akaenda kwenye ile kona akajenga boma lile lile. Nikainama, nikamwambia kwa furaha, “Haya Dama, tuhesabie mbuzi wako.”

Akanitazama kama mtu aliyesikia neno baya. “Mbuzi hawahesabiwi, mwalimu.”

“Nani kasema?”

“Kache. Kwao hawahesabiwi. Ukiwahesabu wanaisha. Na watu pia.”

“Basi utajuaje kama wote wameingia?”

Dama akanionyesha vile vipande vya robo kando ya mlango, kwa uvumilivu, maana aliona mwalimu haelewi. “Kila mbuzi ana kibao chake. Kibao kikibaki, mbuzi hayuko.”

Mama, nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Nilikumbuka ukumbi wetu, sisi watoto tumelala mkekani, mimi nimeanza kuwahesabu ndugu zangu kwa kidole, na mkono wako ukaja ukanipiga kwenye vidole. “Watu hawahesabiwi!” Sikuwahi kupigwa nawe kabla ya siku ile. Ndugu yetu Mwanasha alikuwa ametutoka mwaka huo huo, na mimi nilikuwa mdogo, sikuunganisha. Mpaka leo mtu akikuuliza una watoto wangapi, unasema tu wapo, tunamshukuru Mungu, na hakuna aliyewahi kusema Mama Bakari hajui kuhesabu. Mimi niliyelelewa na mkono huo nilimuuliza mtoto nyumbani kwenu mko wangapi, aliponyamaza nikamwandikia akili nzito.

Leo asubuhi nilichukua kapu la vipande nikavuka bonde kwenda kwa Hawe. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Kache aliponiona alikimbia nyuma ya nyumba, na yale maneno yote yakanipotea.

Hawe alikuwa uani anapura kunde. Ni mwanamke mwembamba, macho yameingia ukungu, lakini mikono yake haipumziki. Alinipa kigoda na maji ya kunywa kabla ya kuniuliza nimefuata nini.

“Umekuja kumuaga?” akasema. “Umefanya vizuri. Kesho pikipiki yaja kumchukua. Aenda kwa shangaziye Gongoni. Mume wa shangaziye afanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, na shangaziye amejifungua, ataka wa kumshikia mtoto.”

“Hawe, kwani umemtoa shule?”

“Si mimi, mwanangu. Ni wewe uliyemtoa.” Hakusema kwa ukali, na ndiyo maana iliniuma. Akafungua fundo la leso yake, akatoa ile karatasi, imekunjwa mpaka imekuwa ndogo. “Mimi sisomi. Nilimpelekea jirani anisomee. Nikamwambia asome tena, labda amekosea. Akasoma tena. Imeandikwa akili ya huyu mtoto nzito. Imeandikwa, haikuandikwa?”

“Imeandikwa.”

“Basi. Aende kwenye kazi anayoiweza, asije akachekwa na wenziwe.”

Nikamuuliza jioni mbuzi wakirudi nani hujua kama wote wameingia. Akacheka kidogo. “Macho yangu haya wayaona. Ni Kache.” Akainuka akanipeleka zizini. Kando ya mlango palikuwa na chungu kilichovunjika mdomo, ndani kimejaa vijiwe. Mbuzi mmoja akiingia, Kache hutoa kijiwe kimoja akakiweka chini. Mbuzi wakiisha kuingia, chungu kinapaswa kuwa kitupu. Juzi kilibaki kijiwe kimoja, Kache akarudi malishoni peke yake, akamkuta mbuzi mmoja amenaswa na kamba kwenye miiba. Mbuzi akizaa, Kache hutafuta jiwe dogo akaongeza. Akiuzwa, hutoa jiwe akalitupa mbali.

“Nani alimfundisha hayo ya kuongeza na kutoa?”

“Kuweka jiwe nilimfundisha mimi, kama nilivyofundishwa. Hayo mengine aliyaona mwenyewe.”

“Na bado jirani aliposoma ukaamini hana akili?”

Hawe akapangusa mikono kwenye leso. “Nilijua anazo za mbuzi,” akasema. “Nikadhani za shule ni nyingine. Wewe ndiye uliyesoma, mwalimu. Mimi ningekubishia kwa nini?”

Machozi yalinitoka, Mama, sitakuficha. Mtu mzima yule alikuwa amelikabidhi zizi lake lote kwa mtoto, siku zote, na maneno yangu mafupi ya wino yakamfanya atilie shaka macho ya mjukuu wake ambayo ndiyo anayoonea. Nikamwambia nimekosea. Nikamwomba karatasi nikate yale maneno, nikatoa kalamu mfukoni. Hawe akaishika ile karatasi asinipe.

“Hata ukikata, mimi sitajua umekata nini. Na hukunikosea mimi. Yeye alikuwapo jirani aliposoma. Mwambie mwenyewe.” Akageuka akaita, “Kache! Njoo hapa. Mwalimu ana maneno.”

Alikuja polepole, akasimama nyuma ya leso ya bibi yake. Nikachuchumaa. Nimehutubia mkutano wa wazazi, nimesimama mbele ya wakaguzi, lakini sijapata kuogopa mtu kama nilivyomwogopa yule mtoto leo.

“Kache, mwalimu alikosea. Aliandika jambo lisilo kweli.”

Akauliza, kwa sauti ambayo ilibidi nisogee niisikie, “Si nzito?”

“Si nzito. Hata kidogo. Mimi ndiye niliyekuuliza vibaya.”

“Mbuzi hawahesabiwi.”

“Sasa najua.”

“Hata watu.”

“Hata watu. Sitakuuliza tena.”

Akatoka nyuma ya leso, akachungulia kapu langu. “Na vibao?” akamuuliza Hawe, si mimi. “Vibao vyahesabiwa?”

Hawe alicheka mpaka akashika ukuta. “Hiyo ni miti tu, mjukuu wangu! Haizai, haifi. Ihesabu mpaka uchoke.”

Basi akapiga magoti, akaanza kuvitoa kapuni kimoja kimoja. Moja. Mbili. Tatu. Alihesabu kwa sauti ya wazi ambayo sikujua anayo. Alifika ishirini, ambapo darasa langu husimama, hakusimama. Akafika mwisho wa kapu, hakuruka hata kimoja, akanitazama kuona kama kuna vingine. Halafu bila kuambiwa akavitenga, vizima huku, nusu huku, robo huku, akapanga robo nne juu ya kizima kimoja, akazisukuma kwa kidole mpaka zikalingana.

Hawe hakuona vizuri vile vipande, lakini alikuwa akisikiliza. Alifuata kila tarakimu kwa midomo. Kache alipomaliza, bibi yule aliifungua ile karatasi, akaikunja tena, akaniwekea mkononi. “Hii ni yako, ondoka nayo. Na mpigie simu mwenye pikipiki, namba yake ninayo. Mwambie asije. Shangaziye atatafuta mtu mwingine, nitaongea naye mimi.”

Nikapiga pale pale, nikasimama karibu naye asikie kila neno. Nilipogeuka Kache hayupo. Ameingia ndani. Akatoka amevaa sare, kiatu kimoja amekivaa kinyume, mkoba mgongoni.

“Leo Jumamosi,” Hawe akamwambia.

Kache hakumjibu. Alinitazama mimi. Mama, ningesemaje? Wiki nzima alikuwa amekaa nyumbani akijua ana akili nzito, kwa sababu yangu. Nikamfunga viatu, nikachukua kapu, tukavuka bonde sote watatu, na nikafungua darasa.

Hapa ndipo ninapokuandikia. Hawe amekaa kwenye benchi la watoto, magoti yamefika kidevuni, amesinzia. Kache anajenga. Leo si boma, bado sijajua ni nini, kina ngazi upande mmoja. Jumatatu nitamwita mwenyekiti na wazazi wote, nitawaambia habari hii kama nilivyokuambia wewe, bila kujipunguzia. Wakitaka kuniondoa na waniondoe, lakini watoke wakijua mtoto aliulizwa nini na kwa nini alinyamaza. Na zile ripoti nyingine nitazirudia zote, kwa maana nimeanza kujiuliza nimewakosea wangapi bila Dama wa kuniambia. Niombee dua, Mama. Kazi naipenda, sitaki kuondoka, na naogopa.

Nisalimie Mwanaidi dada yangu, umwambie apunguze kukuletea dawa na aongeze kukusimamia uipake. Nisalimie mjomba fundi wa saa, na jirani yetu wa mlango wa nyuma anayeuza mahamri, mwambie mkono wake sijauona kwa mtu mwingine huku. Shikamoo nyingi kwa bibi mzaa baba, kama atanikumbuka leo. Na mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, mpe salamu zangu za adabu, mwambie

Nimekatizwa. Kache amekuja mezani akauliza naandika nini. Nimemwambia namwandikia mama yangu, yuko mbali, Vanga. Ameitazama karatasi, hajui kusoma bado, lakini ameitazama yote kutoka juu mpaka chini.

“Umemwambia?”

“Nimemwambia.”

“Na kwamba si nzito?”

“Na hilo.”

Ameniambia nikuandikie tena, mara ya pili, usije ukasahau. Basi Mama, naandika, amesimama hapa anaangalia kalamu: Kache si mzito wa akili. Mwalimu wake ndiye aliyekosea.

Mwanao anayekupenda,
Bakari